Trekta Lililotumika: Tununue au Tusinunue?

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi waliokutana Kinole katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa barazani, sokoni, na hata misibani, tangu mkutano mkuu uliopita. Nalo ni shauri la kutoa fedha za Chama Kikuu chetu kununua trekta lililokwisha tumika. Katika sherehe ya namna hii ni desturi wasemaji kuhesabu mema yaliyopita. Hayo wenzangu wamekwisha yasema, tena vizuri. Mimi nimeombwa nitazame mbele, kwa maana akiba iliyowekwa kidogo kidogo kwa miaka kumi yaweza kupotea katika alasiri moja tu, watu wakitia sahihi zao mahali wasipopaswa.

Napenda ijulikane tangu mwanzo kwamba sikuja kulisema vibaya trekta. Mtu anayelima kwa jembe la mkono aijua kazi yake, na mgongo wake ndio shahidi. Mwanachama mwenye ekari tatu za mahindi au mpunga huko tambarare, akingoja vibarua, mvua humpita. Na shamba lililochelewa kulimwa huchelewa kupandwa, huchelewa kupaliliwa, na mavuno yake huwa haba. Kwa hiyo hamu ya trekta ni hamu halali. Lakini hamu si hesabu, nasi tuliojiunga katika ushirika tumefundishwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno la kwanza ni juu ya ardhi yetu wenyewe. Kinole imeegemea upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Mashamba yetu ya huku juu ni ya migomba, minanasi, michungwa na mifenesi, pamoja na viungo: mdalasini, pilipili manga, karafuu na iliki. Yako mashamba ambayo mtu akisimama kupalilia, mguu mmoja huwa juu na mwingine chini. Katika mteremko wa namna hiyo trekta halina kazi. Likipanda, laweza kupinduka na kumwua dereva. Na lisipopinduka, litaulegeza udongo, kisha mvua moja kubwa itauchukua mpaka mtoni. Maji ya milima hii huingia katika mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam; maji ni ya wote, lakini udongo ukienda nayo, hasara ni yetu.

Wazee waliomo humu hawahitaji kukumbushwa habari za matuta. Vijana na wasikie. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kuzuia mmomonyoko. Lakini udongo wetu wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usiootesha kitu. Watu walitoa jasho bila kuona mavuno. Mwezi Julai, 1955, ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukavunjika. Silitaji jambo hilo ili kufukua makaburi. Nalitaja kwa sababu lina fundisho: chombo au mbinu yaweza kuwa njema mahali pengine, na bado ikawa balaa mahali ambapo udongo haukuulizwa kwanza. Lile ambalo wazee wetu walilikataa lilipoletwa kwa amri, sisi tusilipokee leo katika sura nyingine kwa hiari yetu.

Basi, tukisema trekta, tuseme wazi kwamba ni trekta la vyama vyetu vya chini, kule penye mashamba ya tambarare kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Kisaki. Hapo ndipo linapozuka neno la pili, ambalo watu hulinong'ona lakini hawalisemi mkutanoni. Fedha zilizo katika akiba yetu zimetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka katika ushuru wa viungo na matunda ya mlimani. Mama aliyebeba mzigo wa ndizi kichwani kutoka juu mpaka penye mizani, yeye ndiye aliyeijaza akiba hiyo. Je, ni haki fedha zake zimnunulie mwenziwe wa bondeni trekta, na yeye aendelee kubeba kichwani?

Mimi nasema ni haki kwa sharti moja tu: kwamba trekta lihesabiwe kuwa ni mkopo uliotolewa na wote kwa wale watakaolitumia, na si zawadi. Liwe na daftari lake peke yake. Kila ekari ilipiwe, awe mwanachama au kiongozi. Na fedha zitakazozidi baada ya gharama zirudi katika mfuko wa wote, zitumike kwa mahitaji ya mlimani: majamvi na vichanja vya kuanikia viungo, mizani iliyo sahihi, na ghala lisilovuja. Pasipo sharti hilo, trekta litatugawa, na ushirika uliogawanyika haufiki mwaka wa ishirini.

Neno la tatu ni juu ya kununua kitu kilichotumika. Hapa historia ya nchi yetu inatupa mfano mkubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilikata shauri kulima karanga Afrika Mashariki ili kupata mafuta ya kula. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa. Viwanda vya Ulaya havikuweza kutoa matrekta mapya kwa haraka, basi yakatafutwa yaliyotumika. Mengi yalinunuliwa katika mabaki ya vifaa vya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam zilisafirishwa kwa reli ya kati, hii hii ipitayo Morogoro.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta mengi yalikuwa yamechakaa kabla hayajafika, na kabla ya mwaka 1947 kwisha, mengi yalikuwa yamelala. Vipuri havikupatikana kwa wakati, mafundi hawakutosha, udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji na kuyala majembe, na mvua haikuwa ya kutegemewa. Mwezi Januari, 1951, mpango ukaachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Serikali yenye wahandisi, meli na hazina kubwa ilishindwa. Haikushindwa kwa kukosa matrekta. Ilishindwa kwa sababu ilinunua mashine kabla ya kuujua udongo, mvua, mafundi na vipuri. Hata baada ya Uhuru tuliona mfano mwingine. Mwaka 1963 Serikali yetu ilianza kufungua vijiji vya makazi mapya vilivyopewa matrekta na vifaa vya gharama. Mwaka 1966 ikaacha kufungua vingine vya namna hiyo, kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa na faida ndogo.

Lakini tusije tukasema kwamba kila kilichotumika ni kibovu. Trekta la Massey Ferguson namba 135 lilitengenezwa tangu mwaka 1964 hadi 1975, na yako ambayo yangali yakifanya kazi mashambani mpaka leo, kwa sababu muundo wake ni mwepesi, fundi wa kawaida aweza kulifungua, na vipuri vyake bado vinauzwa. Umri peke yake si aibu. La kuuliza ni mambo matatu: limetunzwaje, vipuri vyapatikana umbali gani, na fundi yuko wapi. Trekta jipya kidogo la aina ambayo vipuri vyake huagizwa ng'ambo ni mzigo kuliko la zamani ambalo spea zake ziko Morogoro mjini.

Sasa niwasimulie tuliyoyaona. Bodi ilituma watu watatu, nami nikiwamo, kwenda kutazama trekta moja lililokuwa likiuzwa. Jina la muuzaji silitaji. Tulikuta trekta linang'aa kwa rangi mpya, tairi zimepakwa dawa nyeusi, na muuzaji amekwisha liwasha na kulingojesha. Liliunguruma vizuri. Fundi wetu hakusema neno. Aliomba lizimwe, akaketi chini ya mti, akasema tutangoja lipoe. Muuzaji akauliza, “Mnangoja nini, nanyi mmekwisha kulisikia?” Fundi akajibu kwa upole, “Mzee, twataka kulisikia likiamka usingizini.” Baada ya saa mbili likawashwa tena. Lilikataa mara tano. Lilipokubali, likatoa moshi wa buluu uliofunika ua mzima. Tukashukuru, tukaaga, tukarudi na fedha zetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini waweza walau kukifunua godoro.

Kwa kuwa vyama vya msingi navyo vyaweza kupata shauri la kununua mashine, nitaeleza namna ya kukagua kama tulivyofundishwa na fundi huyo.

Kwanza, trekta likaguliwe injini ikiwa baridi. Ukigusa ukakuta moto, uliza kwa nini. Likiwashwa, tazama moshi. Moshi mweusi usiokwisha huonyesha kwamba hewa haiingii vema au pampu na nozeli za dizeli zina kasoro. Hiyo yaweza kutengenezeka. Moshi wa buluu huonyesha oili inaungua ndani, maana yake ringi na silinda zimekwisha. Hiyo ni gharama kubwa. Moshi mweupe ambao haukomi hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia mahali pasipo pake.

Pili, injini ikiwa inaunguruma, toa kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo si kitu. Ukipuliza kwa nguvu kama birika lichemkalo, injini imechoka. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi ya maziwa, imechanganyika na maji. Injini ikipoa, fungua rejeta: ikiwa mafuta yanaelea juu ya maji, ni ugonjwa ule ule.

Tatu, jaribu klachi. Mahali palipo sawa, pasipo na mtu mbele, tia gia kubwa, kanyaga breki barabara, kisha achia klachi polepole. Injini yapasa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Endesha katika kila gia, mbele na nyuma, na sikiliza kama yaruka. Jaribu breki za magurudumu yote mawili ya nyuma, kila moja kwa zamu.

Nne, funga plau nyuma, inua, na uache injini iendelee kuunguruma. Plau likitetemeka au kushuka lenyewe, nguvu ya mafuta inayoinua imepungua. Trekta lisiloweza kuinua plau ni gari la kutembelea tu.

Tano, shika magurudumu ya mbele uyatikise. Yakicheza sana, pini na beringi zimelika. Tazama tairi za nyuma, kwa kuwa jozi moja mpya yaweza kugharimu fedha nyingi kuliko mnunuzi alivyofikiri. Chunguza chini ya rangi kama pana mahali palipochomelewa. Na usiiamini mita ya saa peke yake, maana mita hubadilishwa. Tazama kanyagio: ikiwa mita yasema saa chache, lakini chuma cha kanyagio kimelika mpaka kung'aa, basi uamini chuma.

Sita, karatasi. Namba ya injini na namba ya chasisi zilingane na kadi ya usajili. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo katika kadi, au awe na hati ya haki ya kuuza. Ulizeni kama trekta limewekwa rehani mahali. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe, na fedha zipitie benki, zisipite mikononi mwa mtu hata kama ni mwaminifu. Kwa kufanya hivyo twamlinda hata yeye mwenyewe asisingiziwe.

Tukiisha kukagua chuma, hatuna budi kukagua hesabu. Nitatoa mfano, takwimu hizi ni za kujifunzia, si bei ya soko. Tuseme trekta na plau lake vimenunuliwa kwa shilingi 20,000,000, na twatumaini vitatumika miaka 5. Basi kila mwaka trekta lala shilingi 4,000,000 za thamani yake, hata likilala. Tuseme lalima ekari 6 kwa siku, kwa siku 40 za msimu, yaani ekari 240, kwa shilingi 60,000 kila ekari. Mapato ni shilingi 14,400,000.

Sasa gharama. Dizeli lita 8 kwa ekari, kwa shilingi 3,000 kila lita, ni shilingi 5,760,000. Posho ya dereva na msaidizi wake, shilingi 5,000 kwa ekari, ni 1,200,000. Oili na vichujio, 600,000. Matengenezo, 2,500,000. Thamani iliyopungua, 4,000,000. Jumla ni shilingi 14,060,000. Zinabaki shilingi 340,000 tu.

Tazameni tena. Ikiwa trekta limevunjika siku 10 katikati ya msimu, ekari zitakuwa 180. Mapato yatashuka mpaka shilingi 10,800,000. Dizeli itakuwa 4,320,000 na posho 900,000, lakini oili, matengenezo na thamani iliyopungua hazishuki. Jumla ya gharama itakuwa 12,320,000, nasi tutakuwa tumepata hasara ya shilingi 1,520,000. Siku kumi tu ndizo zinazotenga faida na hasara! Na ikiwa sehemu ya fedha za kununulia ni mkopo, riba nayo haijaingia humu. Ndiyo maana nasema kwamba swali kubwa si bei ya trekta; swali ni ekari ngapi zinalingoja, na nani ataliamsha siku litakapolala.

Wapo wanaosema kwamba msimu ukiisha trekta litavuta tela na kubeba matunda. Neno hilo ni jema kwa barabara iliyo sawa huko chini. Lakini kulishusha tela lenye tani za machungwa katika miteremko ya Kinole, tena wakati wa masika, ni kuweka roho za watu juu ya breki. Mapato ya namna hiyo tusiyaandike katika hesabu zetu.

Tena kuna maradhi ya viongozi. Penye trekta la ushirika pana kishawishi cha kuanza na shamba la mwenyekiti, kisha la katibu, kisha la shemeji yao, na wanachama wakafikiwa mvua ikiwa imekwisha. Dawa yake ni orodha ya zamu itakayobandikwa ukutani, yenye tarehe, ekari na namba ya stakabadhi. Asiyelipa halimiwi. Dereva awe na daftari la kila siku la saa, dizeli na oili, likaguliwe kila juma.

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo yote shauri langu kwa wajumbe ni hili. Tusinunue mwaka huu. Badala yake, vyama vya tambarare viandikishe wanachama wanaotaka kulimiwa, kila mmoja ataje ekari zake na aweke amana. Msimu ujao tukodi matrekta kwa pamoja. Watu 100 wakikodi pamoja hupata bei ambayo mtu mmoja haipati. Tutaandika ekari zilizolimwa kweli, wala si zilizoahidiwa. Ekari zilizolipiwa zikizidi 240, na akiba ya matengenezo ya mwaka mzima ikiwa imekwisha wekwa kando, hapo Bodi ilete shauri la kununua, pamoja na taarifa ya fundi asiye na maslahi kwa muuzaji. Jambo hilo lipite katika mkutano mkuu, ndani ya ukomo wa madeni tuliojiwekea kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Zisipofika, tutakuwa tumepoteza msimu mmoja wa kungoja, lakini akiba yetu yote itakuwa salama.

Najua wako watakaosema kwamba katibu ni mwoga. Nami najibu kwamba fedha za mtu binafsi akizipoteza, hulala njaa yeye na nyumba yake. Fedha za ushirika zikipotea, imani hufa, na imani haina vipuri. Wazee walioanzisha chama hiki hawakuwa na ghala wala mizani. Walikuwa na neno lao tu, na watu wakawaamini. Mali hiyo ndiyo tunayosherehekea leo, nayo ina thamani kupita trekta lolote, jipya au lililotumika.

Naomba wajumbe mkirudi katika vyama vyenu mlipeleke jambo hili kama lilivyo, pamoja na hesabu zake, ili kila mwanachama apige kura akijua anachokipigia. Mungu aubariki ushirika wetu, na mvua ije kwa wakati wake.